Tangazo la Kifo cha Bi Nerima

Eastleigh,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa Bwana Msimulizi,

Nakuandikia barua pepe kwa sababu wewe mwenyewe, baada ya mchezaji mwenzangu Kate kukutukana kwenye kundi letu la WhatsApp, ulitunga sheria kwamba malalamiko yote kuhusu mchezo wetu wa kuigiza hadithi kwa simu yaletwe kwa barua, yawe na tarehe na sahihi, "kama watu waliosoma." Haya basi. Mimi nimesoma. Yapokee.

Jana ulituambia wahusika wetu wamefika kwenye kinamasi cha mfalme aliyelaaniwa. Ukatuomba tufumbe macho tusikie mvua. Mbuthia, ile haikuwa mvua. Ule ulikuwa mchele kwenye uteo, na najua ni mchele kwa sababu katikati ya dhoruba nilimsikia mtu akikuuliza kama bado utapikwa. Kisha ikaja radi. Radi yako ni sinia. Kila mtu aliyewahi kuosha vyombo anaijua sauti ya sinia likianguka. Binamu yangu Patrobas alicheka hadi akakohoa, na mhusika wake ndiye aliyekuwa amepigwa na hiyo radi!

Halafu ukatuamuru tuzime taa ili tuingie katika hali. Patrobas anaishi Kware, ambako hata saa sita mchana chumba chao kina giza kwa sababu ghorofa la jirani limesimama dirishani. Azime nini? Kate akasema kwao stima imepotea tangu Ijumaa, nawe ukamsifu kwa kujitolea.

Mimi huwa najitahidi. Kila Jumapili alasiri namwomba Sirad, mwenye duka letu, aniachie stoo, nakaa katikati ya marobota ya mapazia kwa sababu kitambaa kinameza kelele za barabarani. Sauti yangu inawafikia safi kama mtu aliye kando yenu. Mimi naleta utulivu, wewe unaleta vyombo vya jikoni.

Tuko wachezaji watatu na msimulizi mmoja. Nikitoka, mchezo umekufa, na unajua. Kuna watu mtandaoni wanaocheza kwa ramani za kununua na muziki uliopigwa na wanamuziki wenye vyombo. Kwako wewe ni dadu za ludo na ubahili. Tangu mwaka jana hujawahi, hata mara moja, kunifanya niamini kitu.

Nakupa Jumapili mbili.

Khavere
(mchezaji wa Bi Nerima, mlinzi wa kivuko)

*

Pipeline,
4 Machi 2025

Kwako Khavere, malkia wa mapazia,

Barua nimeisoma nikiwa kazini, simu ya mteja imefunguliwa matumbo mezani, na kidogo nivunje kioo nilichokuwa nimetoka kukibandika.

Mchele ulipikwa. Ulikuwa mtamu, asante kwa kuuliza.

Hao watu wako wa ramani nimewasikiliza. Wana pembe, wana ngoma, wana picha za ngome iliyofunikwa na theluji, na msimulizi wao anaongea kama mtu anayesoma mita ya maji. Theluji, Khavere! Lini umeogopa theluji? Mtu huogopa kitu anachokijua. Mimi sina pesa ya pembe, lakini nakaa kwenye ploti ya ghorofa nane, na hapa sauti ni za bure. Lile joka la mwezi jana lililokufanya useme "Mungu wangu" mbele ya kila mtu lilikuwa pampu ya maji ya ploti yetu ikiamka. Ile mizimu iliyoimba ni kwaya ya kanisa la ghorofa ya chini, nimeirekodi kupitia sakafu. Kwa hiyo hilo neno lako "hata mara moja" lifute.

Na kabla hujaniita fukara, jitazame. Nilikuomba utunge mtu. Ukaniletea nyanya yako mzima mzima. Jina lake Nerima, mjane wa mzee Opicho, wa Chwele, mama wa Jackton asiyerudi nyumbani, mkali, hanywi chai iliyopikwa na mtu mwingine. Nilidhani angalau huyo Jackton umemtunga, hadi Patrobas akaniambia ndiye baba yake! Ulichobuni wewe ni mto peke yake. Mimi mwenye sinia nimetunga ufalme mzima.

Kuanzia sasa hakuna kuvaa vifaa vya masikioni. Kila mtu aunganishe simu yake na redio ya nyumbani, au spika yoyote iliyozoeleka pale. Sauti ikitoka kwenye kitu ambacho familia imekisikiliza miaka yote, masikio hayabishi. Hiyo haihitaji hata shilingi.

Utaamini, we ngoja tu.

Mbuthia, Msimulizi

*

Eastleigh,
10 Machi 2025

Kwa Bwana Msimulizi,

Kwa hiyo niliogopa pampu. Nimekaa na aibu hiyo wiki nzima na sasa nimeizoea, tuendelee.

Sauti za jana zilikuwa afadhali kidogo. Nyayo za askari wa mfalme zikipanda ngazi, nakiri, nilikaza mgongo. Ni ngazi za kwenu, sivyo? Nilizijua pale askari mmoja alipokusalimu: "Niaje Mbuthia, ule mama wa chapo amefungua?" Jeshi lililolaaniwa linatafuta chapati. Hongera.

Lakini kuhusu nyanya yangu, mdomo wako uoshe kwanza. Nilimleta mzima kwa sababu simwoni mara nyingi kama ninavyotaka, na kwa kuwa unapenda kuchimba mambo ya watu, nitakuchimbia mwenyewe usije ukayapata nusu kutoka kwa Patrobas.

Babu alipofariki, mjomba Jackton alikuwa zamu kiwandani na msimamizi wake akamnyima ruhusa. Alipofika kijijini Chwele, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Nyanya hakumngoja. Mjomba akasimama uani, watu wote wakiwepo, akamuuliza mama yake kwa kelele ni nani aliyempa haki ya kumzikia baba. Nyanya hakujibu. Ndipo mjomba akaapa kwamba hatakanyaga tena boma lile hadi siku ya kumzika yeye. Nyanya akamwambia siku hiyo aje na jembe lake mwenyewe, ya watu yana kazi.

Hawajaongea tangu hapo. Mjomba yuko Kware, anapakia sabuni kwenye makatoni, na jina la mama yake halitajwi nyumbani kwake. Nyanya naye kila Krismasi ananiuliza swali moja tu, akiwa ametazama pembeni: "Yule mtu bado yuko?" Namjibu yuko. Anasema "haya," halafu anaanza kunigombeza kuhusu nguo zangu. Wote wawili ni vichwa vigumu, na wote wawili nawapenda, na ninaogopa kwamba kweli mjomba atatimiza kiapo chake. Atafika siku ya maziko, atachimba, na hayo ndiyo yatakuwa mazungumzo yao.

Ndiyo maana kwenye mchezo nyanya analinda kivuko. Kule, anayetaka kupita lazima aongee naye.

Jumapili hii anapambana na mfalme na nguvu zake zimebaki kidogo. Dadu zikisema afe, afe. Sitabisha. Lakini afe vizuri, Mbuthia. Ukimpigia nyanya yangu sinia, nitatoka kabla sinia halijanyamaza.

Khavere

*

Pipeline,
14 Machi 2025

Kwako Khavere,

Sinia limerudishwa jikoni. Nimempata mtu anaitwa Njogu, anatangaza viatu vya mitumba kwa spika pale steji ya matatu. Sauti yake ina msiba ndani yake hata anapopunguza bei. Nimemtengenezea simu, naye amenipa sauti. Kwaya ya chini nimeirekodi tena, safari hii mlango wao ukiwa wazi.

Jumapili redio ziwe tayari. Ongezeni sauti. Patrobas ameniambia kwao wana ile redio kubwa ya mzee, ya kusikilizia habari na matangazo, nimemwambia hiyo hiyo.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Una kipaji cha kuhuzunisha mtu ukiacha kutukana. Utajuta kunidharau.

Mbuthia

*

Chwele,
18 Machi 2025

Mbuthia,

Niko Chwele. Angalia juu hapo uhakikishe umesoma sawasawa. Nimepanda basi jana kwa sababu yako.

Nitakueleza yaliyotokea kwa mpangilio, maana simu zako zote sikuzipokea na sitazipokea.

Juzi dadu zilipomuua Bi Nerima, ikaanza ile kwaya. Kisha Njogu. Nayakumbuka maneno yote, na nayaandika hapa ili uyaone yakiwa yamelala kwenye maandishi bila muziki wa kuyasaidia: "Familia ya marehemu mzee Opicho wa Chwele inasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa, Bi Nerima. Habari zimfikie mwanawe, Jackton Opicho, anayefanya kazi Nairobi. Popote alipo, afike nyumbani bila kuchelewa."

Bila kuchelewa. Hayo uliyatoa kwenye barua yangu. Nilikuamini nikakuonyesha kidonda cha nyumbani kwetu, wewe ukaona ni kiungo cha kutia kwenye mchezo.

Wakati huo huo, Kware, msimamizi wa ploti yao alikuwa amefungulia maji. Unajua maji yakija watu hukimbia. Patrobas akachukua mitungi akashuka, akaacha simu imeunganishwa na redio ya baba yake, sauti juu, kama ulivyomwagiza. Mjomba akaingia kutoka zamu ya asubuhi. Hakuna mtu ndani. Redio yake mwenyewe inamtaja kwa jina na kumwambia mama yake amekufa.

Alipiga simu ya nyanya, haikupatikana. Haipatikani siku nyingi kwa sababu yeye huichaji sokoni anapokumbuka. Kisha akanipigia mimi. Mara mbili. Niliikata mara mbili, Mbuthia. Nilidhani anataka kulalamikia kelele za mchezo, na sikutaka kukosa neno hata moja la tangazo. Nilikuwa nimekaa kwenye marobota nalia machozi ya kweli. Umesikia sasa. Nililia. Nilijua ni Njogu wa mitumba na bado nililia, na mwenye mama alipokuwa ananitafuta aulize kama ni kweli, mimi nilikuwa na shughuli ya kulia.

Patrobas aliniambia: "Sistee, mi nimerudi na maji nikapata buda ameishia, hayuko. Hata hajabeba kitu. Mlango ameacha wazi." Simu ikamzimikia mjomba njiani. Hakuna aliyempata tena.

Yaliyofuata nimeelezwa na majirani, maana nilifika saa chache nyuma yake. Mjomba alishuka sokoni asubuhi akiwa na aproni ya kiwandani, na kutoka barabarani akaanza kulia kwa sauti, kama watu wa kwetu wanavyoliingia boma lenye msiba. Majirani wakasikia. Wakajua ni mtoto wa Nerima, na kama mtoto analia basi kuna jambo, wakatoka nao wakilia, wengine wakiwa na viti, mwingine na kuni za kupikia waombolezaji. Msafara mzima ukaingia uani.

Nyanya alikuwa amekaa anapukuchua mahindi.

Aliwatazama wote. Kisha akamwambia mjomba, "Unamlilia nani?"

Wanasema mjomba hakuweza kunyamaza mara moja. Kilio kilikuwa kimeshatoka. Aliendelea kumlilia akimtazama, mpaka akakaa chini kwenye maganda ya mahindi.

Sasa hivi yuko nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la baba yake. Haongei. Nyanya haongei. Wazee wamekuja wakasema mtu aliyeliliwa akiwa hai lazima amlishe aliyemlilia kwa mkono wake mwenyewe, la sivyo kile kilio hakitoki katika boma. Nyanya akasema hajamwita mtu aje amlilie. Mjomba akasema hana njaa. Amesema anaondoka na basi la kesho jioni, na safari hii, alivyonitazama, sidhani hata maziko yatamrudisha. Ameaibishwa uani pale pale, mara ya pili, mbele ya watu wale wale.

Ulitaka niamini. Niliamini. Mjomba wangu aliamini, kijiji kizima kiliamini hadi kikabeba kuni. Umeridhika?

Mimi si mchezaji wako tena.

Khavere

*

Pipeline,
18 Machi 2025

Khavere,

Nimefuta ile sauti. Njogu pia nimemwambia aifute, akauliza kama kuna aliyekufa.

Sikukusudia. Nataka uliamini hilo, ingawa najua kuamini ndiko kulikotufikisha hapa. Jina la mjomba wako nililiongeza Jumamosi, dakika ya mwisho, kwa sababu tangazo lilikuwa linasikika kama la uongo. Nilipolitia likasikika kama kweli, nikafurahi. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama.

Naweza kuja. Nitasimama uani mbele ya hao wazee niseme ni mimi. Niambie tu.

Kwani mjomba wako alipoingia mlangoni, Njogu alikuwa ameanza au alisikia tangu kwaya? Samahani. Usijibu hilo. Sijui kwa nini nimeliuliza.

Mwambie nyanya samahani.

Mbuthia

*

Chwele,
20 Machi 2025

Kwa kijana wa redio,

Anayeandika ni mjukuu wangu Khavere. Maneno ni yangu mimi Nerima, na nimemkataza kuyapamba. Amenisomea barua zenu zote. Niliposikia kwamba mnakaa watu wazima Jumapili mchana mkijifanya mnavuka mto, nilimwomba anisomee tena pale, nikidhani hajaelewa kusoma.

Amenisomea na tangazo langu. Ni tangazo baya.

Unasema "mama yao mpendwa." Hapa hakuna anayeniita mpendwa, uliza mtu yeyote. Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani tangu kabla wewe hujazaliwa, hilo hukulitaja. Binti yangu, mama yake huyu anayeandika, hukumtaja, umemtaja mwanangu wa kiume peke yake kama vile nilizaa mara moja. Mjukuu ameniimbia na wimbo mliouweka. Huo sisi tunaimba kwenye harusi. Mtu akifa kweli asitangazwe hivyo. Kama hukujua, ungeuliza, simu ninayo.

Unataka kuja kusimama uani kwangu useme ni wewe. Usije. Watu wameshasimama vya kutosha uani kwangu.

Na usijidanganye kwamba umefanya jambo zuri. Khavere ananiambia wewe ni mtu wa kufikiri hivyo. Ulinizika bila kuniuliza, ukamtuma mwanangu barabarani usiku kucha akijua ameondokewa. Mtu anayefanya hivyo kwa mchezo, mimi nisingempa hata mbuzi wangu amchunge. Nyanya za watu waache.

Kuhusu chakula nitakwambia, kwa sababu mjukuu anasema bila shaka huli wala hulali, na sitaki msiba wa pili katika jambo hili.

Nilisonga ugali mwenyewe. Nikaenda nyuma ya nyumba nikaketi karibu naye. Nikakata tonge, nikalichovya kwenye mboga, nikampelekea mdomoni. Akaufunga. Ana mvi, ana watoto, amefunga mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Nikakaa hivyo hivyo, mkono umenyooshwa. Nikamwambia, "Jackton, fungua, mkono wa mzee unachoka." Akafungua. Akala ugali wote, na alikuwa na njaa tangu Kware, mwongo mkubwa.

Alipomaliza nikamwambia kwa nini sikumngoja siku ile. Baba yake alikuwa ameanza kuharibika. Joto lilikuwa kali na jeneza halikutaka kufungika vizuri. Sikutaka mwanangu afungue amwone vile, halafu aishi na ile sura. Hayo sikuyasema siku ile kwa sababu aliniuliza kwa kelele mbele ya watu, na mimi mtu akiniuliza kwa kelele hanipati. Ni tabia mbaya. Yeye ameirithi. Akaniuliza, pole pole safari hii, kama baba yake alimwita. Nikamwambia ndiyo, alimwita. Basi tukakaa pale hadi kuku wakaingia.

Jana jioni amepanda basi. Kiwanda chao hakina subira. Hakusema atarudi lini, nami sikumuuliza.

Khavere hapa ameacha kuandika anatoa machozi, nimemwambia aendelee, simu italowa.

Alikuwa ameapa atakuja siku ya kunizika. Amekuja. Nimemwona kwa macho yangu akiingia ananililia, kiatu kimoja kimepotea njiani, analia vibaya kwa sauti mbovu, na wanawake wengi wamezaa wana saba na hawakuonyeshwa hilo. Kwa hiyo siku nitakapokufa kweli, nimewaambia hawa wote na nakuambia na wewe unayejua kutangaza: kazini wakimnyima ruhusa, aachwe apakie sabuni zao, mimi nifukiwe mapema na mtu asimlaumu. Ameshanililia.

Nerima, mama wa Jackton na wa Nafula

Mwandishi: Khavere